Lethi na milingi za karakana ya nyumbani: mbili tofauti, au ile ya mbili kwa moja?

#1 Tupa_Butu
Salamu wakuu. Nataka lethi (mashine ya kukereza, kipande huzunguka) na milingi (mashine ya kufrezi, kisu huzunguka). Chumba ni mita 3 kwa 4, sakafu ya zege, umeme fezi moja. Kazi: bushi, shafti fupi, mifereji ya kii (kipande kinachofunga gia kwenye shafti), kufufua nyuzi zilizolika, na brakati za aluminiamu. Kipande kikubwa kabisa kitakuwa na kipenyo cha mm 120 au urefu wa mm 400. Chuma laini ndicho kingi.

Machaguo matatu:
(a) mashine ya pamoja, lethi chini, kichwa cha milingi kimekaa juu yake;
(b) lethi ndogo ya mezani ya sm 18 (kipenyo kikubwa kabisa kinachoweza kuzunguka) na milingi ndogo ya mezani;
(c) lethi kuukuu ya kiwandani, nzito, milingi ije baadaye.

Mimi naegemea (a) kwa sababu ya nafasi. Nipingeni.

#2 Mkerezaji
Nakupinga kwa hesabu. Kwenye mashine ya pamoja, meza ya milingi ni ile ile slaidi ya kukingama ya lethi (inayosogeza kisu kuelekea kipande). Funga jiliwa lenye kimo cha mm 70, weka kipande cha mm 40, juu njoo na chaki (kishikio chenye taya) ya drili ya mm 70 na biti iliyotokeza mm 90. Umeshakula mm 270 na hujatoboa kitu. Pima kwanza nafasi kati ya meza na pua ya spindo (mhimili unaozunguka) kwenye hiyo mashine yako, kisha urudi hapa.

La pili ni usumbufu. Umekereza nusu ya bushi, ukahitaji kufrezi ubapa mmoja kwenye kipande kingine. Unang'oa kishikio cha kisu, unafunga jiliwa, unalinyoosha kwa geji. Ukirudi kwenye bushi, sifuri yako imeshaondoka.

#3 Jiliwa_Kuukuu
#2 kamaliza. Mimi naongeza neno moja tu: UZITO. Lethi ya sm 18 ina kilo 40 hivi, hiyo unaibeba na jirani yako. Ukiipa kina cha mm 1 kwenye chuma laini inaimba. Chukua (c), hata ikikulaza njaa.

#4 BibiGia
Jiliwa_Kuukuu, uzito na ugumu ni ndugu lakini si pacha. Kilo zikiwa kwenye kabati la chini na kwenye mota, kisu hakizioni. Tazama upana wa kitanda (reli za lethi), urefu wa kigari (kinachobeba kisu juu ya reli) kinavyokumbatia kitanda, na jinsi slaidi ya juu ilivyofungwa. Zile lethi za inchi 9 kwa 20 (kipenyo kwa urefu) zinapita kilo 100, lakini slaidi ya juu imeshikwa na bolti mbili tu, na hapo ndipo mtetemo unapozaliwa. Watu huweka bamba la bolti nne, au huitoa kabisa slaidi ya juu na kufunga bonge la chuma mahali pake. Mashine ile ile, kilo zile zile, kelele inashuka.

Tupa_Butu, swali la kwanza kwako si uzito, ni tundu la spindo. Lethi ya sm 18 ina tundu la mm 20 hivi. Lethi ya South Bend ya inchi 9 ni inchi 3/4, yaani mm 19. Myford Super 7 ya kawaida, pamoja na sifa zake zote, haifiki hata mm 16. Shafti ya mm 25 yenye urefu wa mm 400 haipiti popote hapo. Utaishika kwa chaki upande mmoja, na upande wa pili itabidi utumie kichwa cha nyuma (kinachoshikilia ncha ya mbali) au stedi (tegemeo la kipande). Inawezekana, ila chaki ya urefu wa mm 100 na stedi vinakula urefu wa kitanda. Lethi inayouzwa kama "mm 350 kati ya senta" haitakutosha.

#5 Nyuzi127
Uzi umefika posti ya tano na hakuna aliyegusa uzi.

Mleta mada kasema atafufua nyuzi. Aangalie skrubu kuu (inayosogeza kigari wakati wa kukata uzi) ni ya milimita au ya inchi. Ikiwa ya inchi na unataka nyuzi za milimita sawasawa, unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni mm 25.4, na 25.4 × 5 = 127. Hakuna namba ndogo zaidi inayoleta jibu kamili. Gia hiyo ni kubwa, kwenye baadhi ya lethi ndogo haiingii ndani ya kifuniko. Mbadala ni meno 63: 80/63 badala ya 127/100. Kosa lake ni kama 0.0125%, yaani mm 0.125 kwa mita nzima. Kwa nati ya mm 20 hulioni hata ukilitafuta.

Na ukikata uzi wa mfumo ambao si wa skrubu yako, usifungue nusu-nati (inayokishika kigari kwenye skrubu kuu) mpaka umalize. Rudisha kisu nyuma, geuza mota, rudi mwanzo. Ukiifungua ukakosea kuishika, kisu kinapita katikati ya uzi ulioukata tayari na kipande kinakuwa cha kutupa.

#6 Mkerezaji
Hapo kwenye "geuza mota" weka onyo mkuu. Kama chaki imefungwa kwa nyuzi kwenye pua ya spindo, kama Myford na South Bend, ukigeuza kwa nguvu chaki inaweza kujifungua. Anza taratibu na kina kiwe kidogo.

#7 Nyuzi127
Sahihi, nilisahau. Asante.

#8 Mota_Moja
Mnaruka kasi. Kanuni ni mizunguko = 1000 × V ÷ (3.14 × kipenyo). Kwa kisu cha haispidi (chuma cha visu kinachostahimili joto) kwenye chuma laini chukua V, yaani kasi ya kukata, ya mita 25 kwa dakika. Shafti ya mm 25 inataka mizunguko 320 hivi. Ubapa wa kipande chake cha mm 120 unataka 66. Sasa lethi nyingi za mkanda za inchi 9 kwa 20 zinaanzia 130 kwenda juu. Ukikereza ukingo wa mm 120 kwa 130, kisu cha haispidi kinabadilika rangi kabla hujafika katikati. Na kukata uzi kuelekea bega kwa mizunguko 130 kunataka mkono wa mwizi.

Kwa (c): mota ya kiwandani ni fezi tatu. Usikimbie. Soma bamba la mota. Likiandikwa 230/400, ifunge pembetatu (delta), uilishe kwa invata (kifaa kinachotoa fezi tatu) ya kuingiza fezi moja ya 230 V. Hadi kilowati 2.2 invata za hivyo zinapatikana kirahisi. Likiandikwa 400/690, hapo pana tatizo, maana hata kwenye pembetatu inataka 400. Na swichi ya zamani ya lethi isikae kati ya invata na mota. Itumike kuipa invata amri tu. Kukata waya wa mota huku invata inasukuma umeme ni njia ya haraka ya kuiua.

#9 Jiliwa_Kuukuu
Kwa invata si anashusha kasi anavyotaka? Tatizo la 130 limekwisha.

#10 Mota_Moja
Limekwisha kwa karatasi. Ukishusha hezi (Hz) kutoka 50 hadi 15, nguvu ya kuzungusha inabaki karibu ile ile lakini kilowati zinashuka kwa kiwango hicho hicho: mota ya kilowati 1.5 inakuwa ya 0.45. Ukishusha kwa mkanda au gia, kasi inapungua na nguvu ya kuzungusha inapanda. Kwa kina kikubwa kwenye kipenyo kikubwa, mkanda unashinda. Halafu feni ya mota nayo inazunguka polepole, kwa hiyo joto linabaki ndani. Tumia mkanda kwa hatua kubwa, invata kwa kurekebisha kidogo.

#11 Tupa_Butu
Nashukuru. (a) naiweka pembeni, nafasi kati ya meza na spindo ni mm 230 tu. Sasa milingi. Nimeona yenye nguzo ya duara, ni nzito kuliko ya mezani ya nguzo ya mraba. Kwa hoja ya #3 nichukue nzito?

#12 BibiGia
Ya duara ina kasoro moja inayojulikana: ukilegeza kichwa ukakipandisha, kinazunguka kwenye nguzo na sifuri ya X na Y inapotea. Unatafuta senta ya tundu kwa biti fupi, unatoboa, kisha unataka kisu kirefu zaidi, kichwa lazima kipande, na senta imehama. Wenye nayo hupanga kazi nzima iishie ndani ya mteremko wa spindo. Kwa brakati zako inawezekana. Kwa kipande chenye matundu marefu na mafupi utachukia maisha.

Ile ndogo ya mezani nayo, kama nguzo yake inalala kushoto na kulia juu ya bolti moja kubwa, nguzo hiyo inanesa. Gia zake mara nyingi ni za plastiki. Kisu kikikwama meno yanakatika. Wengine wanabadilisha kuwa mkanda, na kelele inapungua sana.

#13 Pua_Ngumu
Angalieni na taipa ya spindo (tundu la mchongoko linaloshika kisu); aina ni R8 au MT3. R8 inaachia ukigonga kidogo drobari (ufito unaovuta kishikio ndani ya taipa). MT3 inang'ang'ania, na kila pigo la nyundo linaishia kwenye beringi. Ukipewa chaguo, R8.

Na msishike kisu cha milingi kwa chaki ya drili! Chaki ile imetengenezwa kusukumwa kwa wima. Ukiivuta kwa ubavu taipa inalegea, chaki inadondoka huku inazunguka. Koleti (vibano vya duara) za ER32 zinashika hadi mm 20. Koleti iingie kwenye nati kwanza mpaka "tak", ndipo uifunge kwenye spindo. Ukiiweka kinyume haitoki na inashika vibaya.

#14 Mkerezaji
Kwani lazima milingi? Mifereji ya kii ya ndani ya bushi inachongwa kwenye lethi yenyewe. Zuia spindo isizunguke, noa kisu cha haispidi kiwe na upana wa kii, kifunge kwa ubavu kwenye ufito wa kutobolea, sukuma kigari kwa mkono kama randa. Kina mm 0.05 kila mkupuo. Mfereji wa mm 3 ni mikupuo 60, chai inapoa lakini mfereji unatoka mnyoofu.

#15 Pua_Ngumu
Na meno ya gia ya kigari yanatoka nayo. Kwa aluminiamu na shaba sawa. Kwa chuma, kwenye lethi ya sm 18, unaikaba ile gia ndogo kuliko ilivyokusudiwa. Tengeneza mkono wa wenzo unaosukuma slaidi ya juu pekee.

#16 Mkerezaji
Wenzo ni bora, sikatai. Ila mikupuo 60 ya 0.05 si ya kuvunja meno ya gia.

#17 Shavu_la_Shaba
Naomba kudandia, linahusiana. Lethi ya inchi 9 kwa 20, mpya. Nondo ya mm 20 imetokeza mm 150, bila kichwa cha nyuma. Inakereza mchongoko: mwisho wa mbali ni mnene kwa mm 0.06. Nani mkosaji, lethi au mimi?

#18 Jiliwa_Kuukuu
Kitanda kimepinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Inua mguu wa nyuma upande wa kichwa cha nyuma.

#19 BibiGia
Kinyume, Jiliwa. Mwisho wa mbali ni mnene maana yake kule kisu kiko mbali na senta, kimeelekea kwa mkerezaji. Ukiinua mguu wa mbele upande ule, kitanda kinalalia nyuma, kigari kilicho juu yake kinasogea nyuma pamoja na kisu, kinakaribia kipande, kipenyo kinapungua. Kwa hiyo ni mguu wa mbele. Ukiinua wa nyuma anaongeza ugonjwa.

#20 Jiliwa_Kuukuu
Nimechora kwenye boksi, uko sawa. Futa yangu.

#21 Pua_Ngumu
Kabla ya kugusa mguu wowote! Nondo ya mm 20 kutokeza mm 150 inajipinda yenyewe. Kisu kikiisukuma kwa nguvu ya kilo 5 tu pale mwishoni, inakwepa kama mm 0.036. Kwa kipenyo ni mara mbili, mm 0.07. Ndiyo hiyo hiyo 0.06 yako. Kipenyo kikiwa maradufu ugumu unazidi mara 16, kwa hiyo chukua nondo ya mm 40, ipunguze katikati, bakiza pete mbili za upana wa mm 15, moja kila mwisho. Kisu kikali, pua ndogo, kina mm 0.05. Kereza pete zote mbili bila kugusa usukani wa kukingama. Pima kwa mikromita, si kwa kalipa.

#22 Shavu_la_Shaba
Nimefanya kama #21. Pete ya karibu 38.02, ya mbali 38.06. Imepungua lakini bado ipo.

#23 BibiGia
0.04 kwa kipenyo, 0.02 kwa senta. Hiyo si nondo tena. Sasa pimamaji, lakini si la mwashi: la 0.02 kwa mita. Liweke kukingama juu ya kitanda karibu na kichwa cha mbele (chenye spindo), kisha mwishoni. Huhitaji tone liwe katikati, unahitaji lisome sawa sehemu zote mbili. Subiri dakika chache kila usogezapo, joto la kiganja linatosha kulihamisha tone.

#24 Mkerezaji
Nina shaka ni kitanda. Jaribio rahisi: legeza bolti zote za miguu, acha lethi ikae yenyewe, rudia pete. Namba ikibadilika, kitanda kilikuwa kinavutwa na meza. Ikibaki 0.04, kichwa cha mbele kimekaa mshazari juu ya kitanda. Mara nyingi ni rangi au unyoya wa chuma ulioachwa chini yake kiwandani.

#25 Mota_Moja
Au joto. Umepima mashine ikiwa ya baridi? Beringi zilizokazwa sana zinapasha kichwa ndani ya dakika 20, na kichwa kinatanuka kwa upande mmoja kuliko mwingine. Izungushe nusu saa, shika kwa mkono, rudia. Kama huwezi kuacha kiganja hapo, beringi zimebanwa kupita kiasi.

#26 Shavu_la_Shaba
Bolti zimelegezwa: 0.03. Baada ya nusu saa ya kuzunguka: 0.02. Kwa hiyo wote mna haki au wote mmekosea?

#27 Mkerezaji
Ungefanya moja moja. Umechanganya mawili, sasa hujui kipi kimepunguza nini.

#28 Pua_Ngumu
Na kisu kimeshachakaa kidogo katikati ya majaribio yote hayo. Kinoe, uanze upya.

#29 Nyuzi127
Wakati mnabishana, turudi kwa mleta mada. Akichagua (c) aikague hivi: kaza kufuli ya kigari kidogo tu karibu na chaki, mpaka kisogee kwa uzito, halafu kisogeze kuelekea kichwa cha nyuma. Kikikaba njiani, kitanda kimelika karibu na chaki, mahali kazi nyingi hufanyika. Ukikaza gibu (kipande kinachoondoa mchezo wa kigari) ili kiwe imara pale karibu, hakitafika mwisho. Tazama pia alama za kukwangua kwa mkono: zikiwa zinang'aa mwishoni na zimefutika karibu na chaki, ndiyo habari hiyo hiyo.

Spindo: geji ya saa ndani ya taipa, isizidi mm 0.01. Kisha nyanyua kwa ufito wa sm 30 ulioingizwa kwenye tundu. Geji ikipanda zaidi ya 0.02, beringi zinadai kukazwa au kubadilishwa. Mchezo kwenye usukani wa kukingama usikutishe, hata robo mzunguko. Ni nati ya shaba, inatengenezeka. Kitanda kilicholika ndicho kisichotengenezeka nyumbani.

#30 Jiliwa_Kuukuu
Na kuihamisha: kigari kipelekwe mwisho kabisa wa nyuma kisawazishe uzito wa kichwa, ukanda upite chini ya kitanda, usiguse skrubu kuu. Lethi huanguka kwa mbele au kwa nyuma, si kwa urefu wake. Ifunge kwenye mbao mbili pana kabla ya kuivuta.

#31 Tupa_Butu
Ninaelekea (c), basi. Ila bajeti yote niimalizie humo, au nibakize?

#32 BibiGia
Bakiza karibu sawa na ulichotoa. Chaki ya taya nne, stedi, kishikio cha kubadilisha visu haraka, mikromita mbili, geji ya saa na stendi yake, biti, bomba la mafuta. Chaki ya taya nne inasahaulika na ndiyo pekee inayokupa kuyumba kwa 0.01 kwenye kipande ulichokwisha kukereza upande mmoja. Ya taya tatu ikiyumba 0.05 usishangae.

Visu: anza na haispidi, ujifunze kunoa. Ukitaka kabaidi (ncha ngumu za kufunga kwenye kishikio) kwenye mashine nyepesi, chukua vipande vikali vilivyong'arishwa, vile vinavyouzwa kwa aluminiamu, kama CCGT. Vinakata chuma laini vizuri kwa kina kidogo. Vile vinene vya pembe hasi vinataka mota na uzito ambao huna.

#33 Pua_Ngumu
Haispidi kwa kila kitu isipokuwa chuma cha kusubu chenye ngozi. Ngozi ile inang'oa makali sekunde ya kwanza. Pita chini yake kwa kina cha mm 1.5 mara moja, usiikwaruze juu juu.

#34 Mkerezaji
Swali langu kwa wote, mimi pia sijaridhika: kukata kipande kitoke kwa kisu chembamba. Lethi ya sm 30, upana wa kisu mm 3, mafuta ya kutosha, kigari kimefungwa. Bado kinapiga kelele kikifika mm 15 ndani.

#35 Mota_Moja
Kasi iko juu. Ishushe nusu.

#36 Nyuzi127
Kasi iko chini, na unasita kwenye usukani. Ukisita kisu kinasugua badala ya kukata. Sukuma bila kusimama mpaka maranda yatoke yamejikunja kama springi ya saa.

#37 BibiGia
Kimo cha kisu. Mm 0.2 chini ya senta inatosha kukinyonya kisu ndani.

#38 Pua_Ngumu
Kiweke nyuma ya kipande, kichwa chini. Kisu kikivutwa kinakimbia kazi badala ya kuzama ndani yake, na maranda yanadondoka yenyewe.

#39 Jiliwa_Kuukuu
Msumeno wa chuma, mkuu. Kisha unanyoosha ubapa. Dakika tano.

#40 Mkerezaji
Msumeno nimeutumia jana. Nitajaribu cha nyuma kwanza, halafu kimo. Moja moja, nisije nikawa kama Shavu.

#41 Shavu_la_Shaba
Nimekusikia. Kisu kimenolewa, bolti zimekazwa tena, mashine ya baridi: 0.05 sasa. Imezidi ile 0.04 ya pete za mwanzo. Naanza na mguu wa mbele.